Meriwether Lewis, kapiteni mwenye alivuka Amerika na bunduki ya upepo

Meriwether Lewis aliishi miaka 35 tu, lakini Marekani inamkumbuka mpaka leo. Yeye na mwenzake William Clark ndio waliongoza msafara wa kutoka mto Mississippi mpaka bahari ya Pasifiki, kati ya mwaka 1804 na 1806. Watoto wa Marekani wanasoma habari zake kwenye shule. Lakini ni watu wachache wenye wanajua kwamba kati ya mizigo yake kulikuwa bunduki moja ya ajabu. Haikuwa na baruti, haikutoa moshi, na iliweza kupiga masasi zaidi ya 20 bila kujazwa upya. Nguvu yake yote ilikuwa upepo, wenye ulijazwa ndani na pompe ya mkono.

Daftari za ule msafara hazitaji mtu hata mmoja mwenye aliuawa na bunduki ile. Pamoja na hiyo, ilifanya kazi kubwa. Ilionyeshwa kijiji kwa kijiji mbele ya watu wenye nchi yao ilikuwa imekwisha kuuzwa bila wao kuulizwa, ili wafikiri mara mbili kabla ya kushika silaha zao. Kwa kufuata bunduki ile, mtu anaelewa vizuri maisha ya Lewis, na anaelewa pia namna dola moja kubwa ilijijenga.

Mtoto wa Virginia

Lewis alizaliwa tarehe 18 mwezi wa 8 mwaka 1774, kwenye shamba la Locust Hill, katika jimbo la Virginia. Wakati ule Marekani ilikuwa bado chini ya Uingereza. Baba yake, William Lewis, alikuwa afisa katika vita ya uhuru. Alikufa mwaka 1779 kwa ugonjwa wa mapafu, kisha kuvuka mto wenye ulijaa maji akiwa juu ya farasi. Mtoto alikuwa na miaka 5.

Mama yake, Lucy, aliolewa tena na familia ikahamia Georgia, kwenye pori. Mama Lucy alijua sana dawa za miti shamba, na majirani walimwita kwa wagonjwa. Mtoto alijifunza kwake majina ya majani na kazi yao. Alijifunza pia kuwinda. Alipokuwa na miaka 8 alikuwa akitoka usiku peke yake na mbwa wake, hata wakati wa baridi.

Alipofika karibu miaka 13 alirudi Virginia kusoma. Jamaa yake ilikuwa na mashamba makubwa, na kazi ya yale mashamba ilifanywa na watumwa weusi. Lewis alikomalia ndani ya mali ile, na hakuna mahali maisha yake yanaonyesha kwamba aliikataa.

Mwaka 1794 aliingia jeshini. Askari wa serikali walitumwa kutuliza wakulima wa Pennsylvania wenye walikataa kulipa kodi ya pombe kali. Mwaka wenye ulifuata akapelekwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Alishitakiwa kwamba alilewa na kumwita afisa mwenzake wapigane kwa silaha. Mahakama ilimwachilia, lakini wakubwa walimuhamisha kikosi. Komanda wa kikosi kipya alikuwa William Clark, mwenye alimzidi miaka 4. Urafiki wao ulianza pale. Pombe nayo haikumwacha Lewis.

Mwaka 1801 Thomas Jefferson alikuwa rais wa Marekani. Jefferson alikuwa jirani wa jamaa ya Lewis kule Virginia. Alimchukua kijana huyu kuwa sekretari wake, na Lewis akakaa ndani ya nyumba ya rais miaka miwili. Jefferson hakumuchagua juu ya mwandiko wake. Alitaka mtu mwenye anajua jeshi na anajua pori la mangaribi.

Nchi inauzwa

Tarehe 18 mwezi wa 1 mwaka 1803, Jefferson aliandikia bunge barua ya siri. Aliomba dola 2.500 kwa kutuma kikosi kidogo kipande mto Missouri mpaka bahari ya mangaribi. Alitaka kujua kama kuna njia ya maji, na kama biashara ya ngozi za wanyama inaweza kuondoka mikononi mwa Waingereza wa Kanada. Wakati ule eneo lenyewe lilikuwa bado la mataifa mengine kwenye karatasi za wazungu.

Mambo yalibadilika haraka. Napoleon wa Ufaransa alihitaji pesa ya vita, na alikuwa anashindwa kule Haiti. Tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka huohuo, Ufaransa iliuzia Marekani eneo lote la Louisiana kwa dola milioni 15. Lilikuwa na kilometa mraba zaidi ya milioni 2. Mtu wa Kongo ataelewa kipimo hicho: ni kidogo tu chini ya Kongo yetu nzima kutoka Banana mpaka Goma.

Ndani ya eneo lile waliishi Waoto, Waomaha, Wasioux, Waarikara, Wamandan na makabila mengine mengi. Walikuwa na vijiji, mashamba ya mahindi, biashara na vita zao. Hakuna chefu hata mmoja mwenye aliitwa Paris wakati wa kutia sahihi. Habari ya uuzaji wangeipata kinywani mwa Lewis.

Lewis alijitayarisha miezi mingi. Kule Philadelphia wataalamu walimfundisha kupima njia kwa nyota, kutambua mifupa ya wanyama wa zamani, kukausha majani ya miti, na kutibu watu. Kule Harpers Ferry, kwenye kiwanda cha silaha cha serikali, alichukua bunduki, visu na shoka. Alinunua pia zawadi: shanga, sindano, vioo, tumbako, nguo, na medali zenye sura ya rais Jefferson. Na alinunua bunduki ya upepo.

Alimwandikia Clark waongoze msafara pamoja, wote wawili na cheo cha kapiteni. Jeshi lilikataa na kumpa Clark cheo cha luteni tu. Wale marafiki walificha jambo hilo. Mpaka mwisho wa safari askari wao walijua kwamba wako na makapiteni wawili.

Namna bunduki ilifanya kazi

Miaka mingi waandishi wa Marekani walifikiri bunduki ya Lewis ilitengenezwa Philadelphia na ilipiga sasi moja moja. Lakini kuna ushuhuda wa mtu mwenye aliiona. Hakimu Thomas Rodney alipita mji wa Wheeling mwezi wa 9 mwaka 1803, akakutana na Lewis, na Lewis akamuonyesha namna inapiga. Rodney aliandika katika daftari yake kwamba inapiga mara 22. Juu ya ushuhuda huo, watafiti wengi leo wanakubali kwamba ilikuwa aina ya Girardoni.

Bartolomeo Girardoni alikuwa fundi wa kutoka Tirol. Alivumbua bunduki hiyo kwa jeshi la Austria, na jeshi likaanza kuitumia karibu na mwaka 1780. Kitako chake hakikuwa cha mti. Kilikuwa chupa ya chuma, yenye kufunikwa na ngozi, na ndani yake ndimo upepo uliwekwa. Askari alifungua chupa, akaifunga kwenye pompe, akaanza kupompa. Kwa kuijaza vizuri ilihitaji kupompa karibu mara 1.500. Mtu mwenye amejaza tairi ya kinga kwa pompe ya mkono anaweza kuwaza ile kazi. Upepo wa ndani ulikuwa na nguvu zaidi ya mara 20 kuliko ule wa tairi ya motokari.

Pembeni ya mdomo wa bunduki kulikuwa bomba dogo lenye kubeba masasi ya risasi, ya mviringo kama gololi. Mpigaji aliinua mdomo juu kidogo, masasi yakateremka, akasukuma kipande cha chuma kwa kidole, sasi moja ikaingia mahali pake. Resori ilirudisha kile chuma. Kisha akavuta nyundo na kufyatua. Nyundo ilipiga kizibo cha chupa, kizibo kikafunguka nukta moja tu, upepo kidogo ukatoka na kusukuma sasi. Sekunde chache kisha, alikuwa tayari tena.

Tulinganishe na bunduki ya kawaida ya siku zile. Kila sasi ilihitaji kumwaga baruti, kuingiza sasi kwa mdomo na kushindilia kwa fimbo, huku umesimama. Mvua ikinyesha, baruti inalowa na bunduki inakataa. Ya Girardoni haikuogopa mvua.

Lakini ilikuwa na magonjwa yake. Ngozi ya kuzibia upepo ilikauka na kuvujisha. Chupa zilikuwa ngumu kutengeneza. Kila sasi yenye ilitoka ilipunguza nguvu ya sasi yenye ilifuata. Na masasi yakiisha na upepo ukiisha, mtu alibaki na mti na chuma mkononi, mpaka apompe tena mara 1.500. Jeshi la Austria lenyewe liliiacha kisha miaka kama 35. Hayo yote Lewis aliyajua. Watu wenye alionyesha bunduki hawakuambiwa.

Damu ya kwanza

Safari ilikuwa imeanza tu wakati bunduki ilipotoa damu ya mtu, na mtu huyo hakuwa adui. Mwisho wa mwezi wa 8 mwaka 1803, Lewis aliondoka Pittsburgh na mashua yake kwenye mto Ohio. Kilometa 5 hivi mbele alisimama kwenye kisiwa kimoja kidogo. Mabwana wenye walikuwa pale walimuomba awaonyeshe ile bunduki. Akaijaza upepo, akapiga mara 7 umbali wa kama metre 50, na alilenga vizuri.

Kisha mtu mwingine akaishika. Hakujua namna inatumika. Sasi ikatoka bila yeye kutaka, ikapita ndani ya kofia ya mama mmoja mwenye alisimama metre karibu 36, na kukata ngozi ya kipaji chake. Mama akaanguka palepale, damu nyingi ikatoka. Watu wote walifikiri amekufa. Dakika moja kisha akafungua macho. Walimtazama na kuona kidonda hakikuwa kirefu.

Lewis aliandika jambo hilo katika ukurasa wa kwanza wa daftari yake ya safari. Silaha yenye haitoi moshi wala harufu ya baruti inafanya watu waizoee haraka kama mchezo. Mama yule aliponea unene wa kidole.

Maonyesho ya mto Missouri

Tarehe 14 mwezi wa 5 mwaka 1804 msafara uliondoka karibu na mji wa Saint Louis na kupanda mto Missouri. Walikuwa watu zaidi ya 40: askari, wapiga kasia Wafaransa, na York, mtumwa mweusi wa Clark.

Tarehe 3 mwezi wa 8 walikutana na machefu wa Waoto na Wamissouri, mahali penye wazungu waliita Council Bluff. Pale ndipo desturi ilianza, na iliendelea hivyo karibu kila kijiji. Kwanza askari walipiga gwaride wakiwa wamevaa vizuri. Lewis akasoma hotuba ndefu, mtafsiri akatafsiri. Aliwaambia kwamba Wafaransa na Wahispania wamekwenda, na kwamba sasa wako na baba mpya mkubwa mwenye anakaa Washington. Aliwaita watoto wa baba huyo. Aliwaomba waache vita kati yao na wafanye biashara na Wamarekani peke yao. Kisha zawadi: medali kwa machefu, bendera, nguo. Na mwishoni, bunduki ya upepo.

Mwisho wa mwezi huohuo, mbele ya Wasioux wa Yankton, Lewis alipiga mti. Watu wakakimbia kutazama matundu ya masasi na kupiga kelele za mshangao. Mwezi wa 10, Waarikara nao walishangaa. Wamandan waliona vilevile.

Kila mara ilikuwa bunduki moja tu. Lakini mwenye kutazama hangeweza kujua kama kwenye mashua kuna zingine 10 au 30. Hangeweza kujua ile upepo inatoka wapi na inaisha wakati gani. Lewis hakuhitaji kusema uongo. Ilitosha kunyamaza.

Lakini si kila mtu aliogopa. Tarehe 25 mwezi wa 9 mwaka 1804, Wasioux wa Teton waliona bunduki ile ikipigwa, na siku ileile wakashika kamba ya mtumbwi wa Clark wakitaka zawadi zaidi. Wao ndio walikuwa wenye nguvu kwenye sehemu ile ya mto, na kila mfanyabiashara mwenye alipita aliwalipa. Clark akachomoa upanga, askari wakaelekeza bunduki, Wasioux wakaweka mishale kwenye pinde. Chefu Black Buffalo ndiye aliamuru watu wake waachilie kamba. Siku ile amani ililetwa na akili ya mzee mmoja.

Baridi ya mwaka 1804 waliipitisha kwa Wamandan. Pale waliajiri mfanyabiashara Mfaransa Charbonneau pamoja na bibi yake Sacagawea, msichana wa Washoshone mwenye alikuwa ametekwa utoto wake. Tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 1805 alizaa mtoto mwanaume. Miezi miwili kisha, alipanda mtumbwi na mtoto wake mgongoni pamoja na msafara. Ujuzi wake wa lugha uliwaokoa. Mwezi wa 8 walifika milimani wakiwa wamechoka, na bila farasi hawangevuka kabla ya theluji. Tarehe 17 Sacagawea akakutana na kaka yake Cameahwait, na Cameahwait ndiye alikuwa chefu wa Washoshone. Siku ile pia Lewis alipiga bunduki ya upepo, na Washoshone wakasema ni dawa kubwa. Lakini farasi walipatikana juu ya undugu na bei yenye walikubaliana.

Fundi Shields

Bunduki nzuri bila fundi haifiki mbali. Katika msafara fundi alikuwa John Shields, mfua chuma kutoka Kentucky. Tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 1805, kwenye pori la Montana ya leo, mbali na kila kiwanda, alitengeneza upya resori kubwa ya bunduki ya Lewis. Mwezi wa 8 Lewis mwenyewe aliona kwamba shabaha imesogea kwa ajali. Akairudisha mahali pake, akajaribu mpaka bunduki ikapiga sawa kama zamani.

Shields alifanya zaidi ya hiyo. Wakati wa baridi kwa Wamandan, chakula kilipopungua, yeye alifua shoka za vita na kurekebisha majembe ya wenyeji, nao wakalipa kwa mahindi. Lewis aliandika baadaye kwamba msafara ungepata shida kubwa bila mtu huyu. Maonyesho ya makapiteni yalisimama juu ya mikono ya fundi mwenye jina lake halijulikani na watu wengi.

Mwezi wa 11 mwaka 1805 walifika Pasifiki. Walijenga kambi na kukaa ndani ya mvua ya miezi mingi, karibu na Waclatsop. Hata pale, mwezi wa 1 mwaka 1806, Lewis aliandika kwamba wenyeji hawaelewi namna bunduki yake inapiga mara nyingi bila baruti, na kwamba wanafikiri ni dawa.

Medali kwenye shingo ya maiti

Wakati wa kurudi, makapiteni waligawanyika kwa kutafuta njia zaidi. Lewis alikwenda kaskazini na watu watatu. Tarehe 26 mwezi wa 7 mwaka 1806 walikutana na vijana 8 wa Wapiegan, sehemu ya Wablackfeet. Walilala pamoja. Lewis aliwaambia kwamba Wamarekani wanataka amani na wanafanya biashara na makabila ya mangaribi. Kwa masikio ya Wapiegan, maana yake ilikuwa kwamba adui zao watapata bunduki.

Alfajiri vijana walijaribu kuchukua bunduki na farasi. Askari mmoja alimchoma kijana kisu, akafa. Lewis alimpiga mwingine sasi ya tumbo. Yule naye alipiga, na Lewis alisikia upepo wa sasi ukipita karibu na kichwa chake. Walikufa vijana wawili. Kabla ya kukimbia, Lewis alitia medali ya amani kwenye shingo ya maiti mmoja, ili ndugu zake wajue ni nani walipita.

Siku 15 kisha, tarehe 11 mwezi wa 8, yeye mwenyewe alipigwa sasi ya makalio. Mwenye kumpiga alikuwa mtu wake, Pierre Cruzatte, mwenye jicho moja lilikuwa kipofu na lingine halikuona vizuri. Walikuwa wanawinda, na Cruzatte alimfikiri mnyama. Tarehe 23 mwezi wa 9 mwaka 1806 msafara ulifika Saint Louis. Mtu mmoja tu wa msafara, sajenti Charles Floyd, ndiye alikuwa amekufa njiani, kwa ugonjwa wa tumbo.

Gavana mwenye madeni

Jefferson alimfanya Lewis gavana wa eneo lile kubwa, mwenye kukaa Saint Louis. Hapo ndipo mambo yaliharibika. Kuongoza ofisi yenye watu wa siasa na wafanyabiashara wa udongo haikuwa kama kuongoza mitumbwi. Alikawia karibu mwaka mzima kabla ya kufika kazini. Kitabu cha safari chenye watu walikingojea hakikuandikwa. Pombe iliongezeka.

Na maneno yenye alisema mtoni yalianza kumrudia. Chefu mmoja wa Waarikara alikuwa amekubali kwenda Washington kuona baba mkubwa, akafa kule mwaka 1806. Watu wake walikasirika. Mwaka 1807 kikosi cha Marekani kilijaribu kupita kwao, kwa kumrudisha chefu Sheheke wa Wamandan. Waarikara wakafungua moto. Watu kadhaa walikufa, na George Shannon, kijana wa msafara wa Lewis, akakatwa mguu. Walikuwa watu walewale wenye walishangaa mbele ya bunduki ya upepo miaka mitatu mbele. Mshangao ulikuwa umeisha, kifo cha chefu wao kilikuwa bado.

Mwaka 1809 Lewis alilipa kikosi kikubwa kwa kumrudisha Sheheke. Serikali mpya kule Washington ilikataa dola 500 katika matumizi yale. Wadai wake waliposikia hivyo, kila mmoja alikuja kutaka pesa yake. Mwezi wa 9 aliondoka na karatasi zake kwenda kujieleza. Njiani alikuwa mgonjwa na mwenye kuvurugika, mpaka komanda wa kambi moja alimweka chini ya uangalizi siku nyingi. Asubuhi ya tarehe 11 mwezi wa 10 mwaka 1809, alikufa kwa masasi mawili kwenye nyumba ya wageni ya Grinder, katika Tennessee. Clark na Jefferson waliamini kwamba alijiua, na wanahistoria wengi wanaona vilevile. Wengine, pamoja na watu wa jamaa yake, walisema aliuawa. Alizikwa palepale. Mwaka 1848 jimbo la Tennessee lilijenga juu ya kaburi nguzo yenye kukatika juu, alama ya maisha yenye kukatika mapema.

Bunduki kisha yeye

Karibu miaka 100 kisha msafara, mji uleule wa Saint Louis ulianza kutengeneza bunduki za upepo za kupompa, kwenye kampuni ya Benjamin. Kisha zikafuata Crosman na Sheridan. Hizo zilipompwa mara chache tu kwa kila sasi, na watoto wengi wa Marekani walijifunza kulenga nazo. Leo zile za zamani zinatafutwa na wakusanyaji. Wanabadilisha ngozi na mpira wa kuzibia upepo, wanatengeneza resori, kazi ileile ya John Shields.

Mmoja wa wakusanyaji hao, Robert Beeman, alikuwa na Girardoni ya zamani, na yeye na bibi yake waliitoa kwa makumbusho ya jeshi la Marekani kule Carlisle, Pennsylvania. Ndani yake resori kubwa ilikuwa imebadilishwa na ingine, yenye kufuliwa kwa mkono. Watafiti wenye waliifungua wanasema matengenezo yake yanalingana na yale ya daftari za safari, na wanaamini ndiyo bunduki ya Lewis.

Sasa iko chini ya ulinzi, chupa yake haina upepo. Wazao wa Waoto, Wasioux, Waarikara, Wamandan na Washoshone nao wako, wengi kwenye maeneo madogo yenye serikali iliwaachia ndani ya nchi yenye ilinunuliwa kwa dola milioni 15.